Jinsi ya Kuchagua Matairi Mapya ya Sedani ya Kispoti

Sehemu ya tairi inayogusa lami kwa wakati mmoja inakaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kwa gari zima ni viganja vinne tu. Injini ya nguvu za farasi 300, breki za diski pana, springi ngumu, usukani unaoitika haraka: vyote hivyo hufanya kazi kupitia viganja hivyo, na vikiteleza hakuna kingine cha kukuokoa. Ndiyo maana huniuma kumwona mtu aliyejinyima ili apate sedani ya kispoti, akaipenda kwa namna inavyokata kona, halafu siku matairi yanapoisha akafunga lolote linaloingia kwenye rimu. Kwa macho gari ni lile lile. Ukiliendesha, limekuwa gari jingine.

Sitakutajia tairi moja na kukwambia ukanunue hilo. Linalomfaa mtu wa kilomita 60 za barabara kuu kila asubuhi silo linalomfaa anayepanda na kushuka milima yenye kona kali. Nitakupa mpangilio wa kufuata, na msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: chagua tairi kwa ajili ya siku ya mvua, kwenye barabara unayoipita kila siku. Siku ya jua na lami kavu, hata tairi la wastani hujitahidi. Mvua ndiyo inayoyatenganisha.

Hatua ya 1: Yasome matairi ya zamani kabla hayajatupwa

Kabla fundi hajayavua, chukua tochi, piga magoti, uyakague moja moja. Matairi yaliyochoka yana ushahidi usioupata pengine, na yakishatupwa ushahidi umekwenda nayo.

Anza na kina cha meno. Ndani ya mifereji mikuu kuna vinundu vya mpira vilivyowekwa kiwandani kwenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakishalingana na vinundu hivyo, katika nchi nyingi tairi hilo limekwisha hata mbele ya sheria. Mimi sisubiri kufika hapo. Tairi jipya la aina hii huanza na milimita 7 au 8 hivi. Kazi ya mifereji ni kuyameza maji na kuyatoa pembeni. Ikibaki milimita 3, uwezo huo umeshuka sana, na gari huanza kuelea juu ya maji kwa mwendo ambao zamani lilikuwa linatulia. Tena matairi mapana, ambayo ndiyo ya sedani za kispoti, huelea mapema kuliko membamba, kwa kuwa yana maji mengi zaidi ya kusukuma kando. Kwa hiyo kwangu milimita 3 ndiyo mwisho.

Kisha angalia yamelikaje. Likiwa limelika katikati tu, upepo ulikuwa mwingi. Mabega yote mawili yakiwa yamelika huku katikati kuna uhai, upepo ulikuwa mdogo. Bega la ndani peke yake: hapo simama kidogo, maana ni ugonjwa wa kawaida wa magari ya aina hii. Sedani nyingi za kispoti hutoka kiwandani magurudumu yakiwa yameinama kidogo kwa ndani upande wa juu, ili gari likilala kwenye kona tairi la nje likanyage barabara sawasawa. Mwinamo huo pekee hauli tairi kwa kasi. Ila magurudumu yakiwa pia hayaelekei mbele sambamba, bega la ndani hukwanguliwa kila mita unayokwenda, mpaka nyuzi za chuma zinachomoza huku upande wa nje bado unapendeza. Anayesimama pembeni ya gari haoni kitu. Ingiza mkono taratibu upande wa ndani, kwani nyuzi hizo hukata, upapase. Meno yakiwa makali upande mmoja na laini upande wa pili, mithili ya msumeno, tatizo ni alaimenti, yaani mpangilio wa pembe na mwelekeo wa magurudumu. Ukikuta mabonde mabonde kuzunguka tairi, zichunguze shokapu.

Haya yote yanatangulia ununuzi kwa sababu kilichokula matairi ya zamani kitakula na mapya. Niliwahi kufunga matairi manne ya daraja la juu bila kupima alaimenti, nikiamini kwamba gari lisilovuta upande basi limenyooka. Haikupita miezi mitano, mabega ya ndani ya magurudumu ya nyuma yakawa yamekwisha. Bushi, yaani kipira cha kiungo, ya mkono mmoja unaoshikilia gurudumu la nyuma ilikuwa imechakaa, na kila nilipokanyaga breki gurudumu lilikuwa likijipinda kidogo. Bushi hiyo ni kitu kidogo mno ukilinganisha na matairi mawili.

Mwisho wa ukaguzi ni umri. Ubavuni tafuta herufi DOT. Msimbo wake kamili humalizikia kwa tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande wa nje, zitakuwa upande wa ndani. Mpira hugumu kadiri miaka inavyokwenda, hata kama gari limekaa tu. Watengenezaji wengi wa matairi hushauri ukaguzi wa kila mwaka baada ya miaka 5, na tairi kuachwa kabisa lifikapo miaka 10 tangu litengenezwe, hata likiwa na meno. Kwa gari la mwendo mkali mimi huliacha likifika miaka 6 au 7, hasa penye jua kali.

Hatua ya 2: Andika kila kitu kilichochapwa ubavuni

Tuchukue mfano wa kawaida: 225/45R17 94W.

Namba 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni urefu wa ubavu, lakini si milimita 45. Ni asilimia 45 ya upana, yaani kama milimita 101. R inaonyesha kwamba ni tairi la radia, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hizo ndizo watu wanazozikumbuka. Zinazosahaulika ni mbili za mwisho, na ndizo zenye hatari.

94 ni kiwango cha mzigo. Si kilo 94. Ni namba ya kwenye jedwali, na maana yake tairi moja linabeba kilo 670 likiwa na upepo unaostahili. 91 ni kilo 615, 98 ni kilo 750. Herufi W ni mwendo wa juu ambao tairi limethibitishwa kuuhimili: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Utasema, mimi sitafika 240 maishani. Sawa, lakini herufi hiyo haihusu mwendo peke yake. Tairi lenye herufi ya juu limeundwa kustahimili joto kubwa zaidi, na mara nyingi muundo wake ni mgumu zaidi. Mtu akilitoa tairi la W akaweka la H, gari linaanza kuchelewa kuitika usukani, naye anadhani kifaa fulani kimeharibika. Kanuni yangu ni fupi: mzigo na mwendo visishuke chini ya vile alivyopanga mtengenezaji wa gari. Kupanda juu si kosa.

Ukiona XL, ni tairi lililoimarishwa kubeba mzigo mkubwa zaidi. Jihadhari na jambo moja: tairi la XL hufikia uwezo wake kamili kwa upepo mwingi kuliko la kawaida, kwa hiyo usilifunge kisha ukaupunguza upepo ili gari liwe laini. Sedani za umeme, kwa uzito wa betri zake, zinahitaji uangalifu wa pekee hapa. Baadhi ya matairi yake yana alama ya HL, ambayo ni ya mzigo mkubwa kupita hata XL.

Sasa linganisha ulichoandika na kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi. Usiamini matairi yaliyo kwenye gari peke yake. Huenda aliyekuwa nalo kabla yako alibadilisha saizi, nawe unaendeleza kosa la mtu mwingine. Angalia pia kama saizi ya mbele na ya nyuma ni moja. Sedani zinazovuta kwa nyuma wakati mwingine hutoka kiwandani na 225/45R18 mbele na 255/40R18 nyuma. Vipenyo vya jumla vinakaribiana sana, ila upana si mmoja, na magurudumu hayo hayawezi kubadilishana nafasi ya mbele na nyuma.

Hatua ya 3: Amua kama saizi inabaki au inabadilika

Ushauri wangu ni ibaki. Najua kishawishi cha rimu kubwa na mbavu nyembamba. Gari likisimama linapendeza. Lakini sedani ya kispoti ilishapimwa na wahandisi wake ikiwa na saizi ile, wakapanga springi, shokapu na breki kuizunguka. Rimu kubwa kwa kawaida ni nzito zaidi, na uzito ulio kwenye gurudumu ni mbaya kuliko uzito ulio ndani ya gari, kwa sababu shokapu ndizo zinazolazimika kuutuliza kila penye shimo. Ubavu mwembamba nao hauna pa kubonyea. Ukiingia shimo, nyuzi za ndani hukatika, nundu inatokea ubavuni, na tairi lenye nundu halitengenezeki. Ni la kuondoa siku hiyo hiyo.

Kama barabara zako zina mashimo, fikiria kinyume chake: kushuka inchi moja, mathalani kutoka 18 kwenda 17, mradi rimu ndogo izipite breki bila kugusa na mtengenezaji awe ameikubali saizi hiyo kwa gari lako. Nimewahi kuendesha gari moja likiwa na saizi zote mbili. Kwa barabara mbovu, ile ya 17 ilikuwa na kasi zaidi kwenye kona, kwa sababu tairi lilibaki chini badala ya kurukaruka.

Ukiamua kubadilisha, piga hesabu. Kipenyo cha jumla ni rimu mara 25.4, jumlisha mbavu mbili. Kwa 225/45R17 ni milimita 431.8 na 202.5, jumla kama 634. Kwa 225/40R18 ni 457.2 na 180, yaani 637. Tofauti haifiki hata nusu ya asilimia moja, kwa hiyo spidomita na mifumo ya breki haitachanganyikiwa. Ila 235/40R18 ni 645, karibu asilimia 2 zaidi: kila spidomita inaposoma 100, sasa unakwenda kasi zaidi ya ulivyokuwa ukienda hapo mwanzo, na nafasi kati ya tairi na bodi imepungua. Angalia pia upana wa rimu yenyewe. Tairi la 225/45R17 linaruhusiwa kwenye rimu ya upana wa inchi 7 hadi 8.5. Ukilivuta kwenye rimu pana kupita hapo, mbavu zinalala na kingo za rimu zinabaki wazi.

Hatua ya 4: Chagua aina ya mpira

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Yaliyotangulia ni vipimo. Hapa unachagua gari lako litakuwa na tabia gani.

Jiulize kwanza kuhusu hali ya hewa. Mpira wa tairi la kiangazi hubaki laini na kushika penye joto, lakini hali ya hewa ikishuka kuelekea nyuzi 7 za Selsiasi unaanza kukakamaa, na kwenye theluji haufai hata kidogo. Anayeishi mahali ambapo baridi hiyo haifiki hana sababu ya kununua tairi la majira yote kwa gari la kispoti. Jina lake linavutia, kana kwamba anapewa zaidi. Kwa kweli anapewa mpira wa kati na kati, usio bingwa wa joto wala wa baridi, wenye meno yaliyokatwa mikato midogo mingi ya kung'ata theluji ambayo hataiona. Meno hayo hucheza unapokata kona kwenye lami yenye joto, na usukani unapoteza ule ukali uliomfanya alipende gari.

Anayeishi penye majira ya baridi ya kweli, seti mbili ndizo njia bora: za kiangazi na za baridi, kila moja kwenye rimu zake. Asiyeweza kuweka seti mbili, na baridi yake ni ya wastani, ndiye mwenye haki ya kuchukua majira yote. Atafute yenye mchoro wa mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo imepita jaribio la theluji. Herufi M+S peke yake si ushahidi wa jaribio lolote; mtengenezaji anaweza kuichapa kwa kuangalia umbo la meno tu.

Ndani ya matairi ya kiangazi kuna makundi matatu, na wauzaji wengi huyachanganya. Kundi la kwanza ni la safari ya starehe: mpira mgumu kiasi, ubavu laini, kelele kidogo, maisha marefu. Si baya. Kwa mtu aliyechoshwa na ugumu wa gari lake, au anayekwenda mbali kila siku, linaweza kuwa jibu la busara, ila ajue gari litachelewa kidogo kuingia kwenye kona.

Kundi la pili ni la kispoti la barabarani, na hapa ndipo wengi wa wenye sedani za namna hii wanapaswa kuangukia. Michelin Pilot Sport 4S, Continental SportContact 7, Goodyear Eagle F1 Asymmetric 6 na Bridgestone Potenza Sport ni mifano inayofahamika. Yana ubavu mgumu unaopeleka amri ya usukani bila kusitasita, mpira uliochanganywa na madini ya silika unaoshika lami iliyolowa, na mifereji mipana ya kutosha kwa mvua. Ukitoka kwenye tairi la kawaida, utakachokihisi kwanza ni breki, kabla hata ya kona. Gari linasimama na kutulia.

Kundi la tatu ni la nusu mashindano, kama Michelin Pilot Sport Cup 2. Meno yake ni haba, mpira wake unataka upate moto ndipo ushike, na penye maji yaliyotuama hayana raha. Mtu akipeleka gari kwenye uwanja wa mbio mara moja kwa mwaka na siku nyingine zote akaliendea kazini, asiyafunge. Analipa adhabu ya siku zote kwa furaha ya siku moja.

Hatua ya 5: Tumia alama za ubora, ukijua mipaka yake

Matairi yanayouzwa Umoja wa Ulaya huwa na lebo, ambayo sura yake ya sasa ilianza Mei 2021. Lebo hiyo inatoa daraja la A hadi E kwa ulaji wa mafuta, A hadi E kwa kushika lami iliyolowa, na kelele kwa desibeli. Macho yako yaende kwenye kushika lami iliyolowa. Kwa sedani ya kispoti sioni sababu ya kushuka chini ya B, na A zipo nyingi. Kumbuka tu kwamba jaribio hilo ni la breki kwenye lami iliyolowa, tairi likiwa jipya. Halisemi chochote kuhusu kuelea kwenye madimbwi, kukata kona, wala tabia ya tairi likishafika nusu ya umri wake.

Mfumo wa Marekani huchapwa ubavuni kabisa. Una namba ya ulikaji, kama 300; herufi ya kushika kwenye maji, kuanzia AA ya juu hadi C; na herufi ya kustahimili joto, A hadi C. Namba kubwa ya ulikaji inaahidi maisha marefu: 400 inatarajiwa kudumu mara mbili ya 200. Lakini mtengenezaji ndiye anayejipangia namba hiyo kutokana na majaribio yake, kwa hiyo itumie kulinganisha matairi ya chapa moja, si ya chapa mbili tofauti.

Zaidi ya lebo, tafuta majaribio ya kulinganisha yanayofanywa na majarida ya magari na vyama vya madereva, kama ADAC cha Ujerumani. Soma lile lenye saizi iliyo karibu na yako, na usikimbilie nafasi ya kwanza. Mshindi anaweza kuwa ameshinda kwa ukimya na ulaji wa mafuta. Tafuta safu ya breki kwenye maji, umbali kwa mita, uone nani amesimama wapi. Mita tatu za tofauti karatasini ni kitu kidogo. Barabarani ni karibu urefu mzima wa gari dogo lililosimama mbele yako.

Hatua ya 6: Alama za mtengenezaji wa gari, na ranflati

Matairi mengine yana alama ndogo ubavuni: nyota kwa BMW, MO kwa Mercedes-Benz, AO kwa Audi, N0 kwa Porsche. Maana yake toleo hilo lilirekebishwa kwa ajili ya magari ya kampuni hiyo. Si lazima uyafuate daima, lakini kosa la kuepuka ni kuchanganya lenye alama na lisilo nayo kwenye ekseli moja, hata kama jina ni lile lile. Ndani yake yanaweza kuwa tofauti.

Ranflati zina mbavu nene zinazobeba gari hata upepo ukiisha, kwa kawaida kwa kilomita 80 bila kuzidi mwendo wa 80 kwa saa. Ni nzito na ngumu. Ukitaka kuhamia kwenye matairi ya kawaida, fahamu kwamba gari lililokuja nazo mara nyingi halina tairi la akiba wala mahali pa kuliweka. Nunua kwanza pampu na vifaa vya pancha. Kuelekea kinyume chake, usifunge ranflati kwenye gari lisilo na mfumo wa kuonya upepo ukishuka, maana hutajua kwamba limepata pancha.

Hatua ya 7: Mawili au manne

Manne, ukiweza. Usipoweza, nunua mawili yanayofanana na yaliyobaki kwa chapa na aina, na mapya yafungwe nyuma. Wengi hubisha hapa, hasa wenye magari yanayovuta kwa mbele: wanasema mbele ndiko kwenye kazi. Kazi ipo mbele, lakini hatari ipo nyuma. Mbele ikiteleza, gari linakwenda moja kwa moja. Unapunguza mwendo na linarudi mkononi. Nyuma ikiteleza, gari linazunguka, na ni madereva wachache sana wanaoweza kulirudisha, tena kwenye mvua.

Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina sharti kali zaidi. Tairi lililolika ni dogo kuliko jipya, kwa hiyo linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali ule ule, na tofauti hiyo hubebwa na difu ya kati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kila sekunde ya safari mpaka inachemka. Watengenezaji hutaja mpaka wa tofauti inayoruhusiwa kwenye kitabu cha gari. Usome kabla ya kununua tairi moja baada ya pancha. Mara nyingi pancha moja isiyozibika kwenye gari la namna hii inamaanisha matairi manne.

Tairi lililotumika la mtu mwingine sifungi. Hujui liliwahi kukimbizwa bila upepo umbali gani, na madhara ya ndani hayaonekani nje.

Hatua ya 8: Dukani na kwa fundi

Soma DOT ya kila tairi kabla halijaguswa na mashine. Yote manne yawe na umri unaokaribiana. Tairi la mwaka mmoja au chini ya hapo lililohifadhiwa vizuri ni jipya, la miaka minne likatae kwa upole. Saizi, mzigo na herufi ya mwendo vilingane na karatasi yako.

Valvu za mpira zibadilishwe zote. Kama gari lina sensa za upepo, mwambie fundi mapema, kwa sababu chuma cha kubandua tairi kinaweza kuvunja sensa akianzia upande usiofaa; na vipira vidogo vya sensa vibadilishwe pia. Kisha simama uangalie yanavyofungwa. Tairi lenye mshale lizunguke upande ule mshale unakoelekea. Tairi lisilo na mshale lakini lenye neno linaloonyesha upande wa nje lifungwe neno hilo likionekana nje, magurudumu yote manne. Nimeshakuta magari yametoka kwa fundi tairi moja likiwa limegeuzwa, na mwenyewe akaendesha hivyo miezi kadhaa.

Balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, kwa yote manne, halafu alaimenti, na ukiweza omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kufuata kiwango cha kitabu cha gari. Mashine ya upepo ikizikaza peke yake, inaweza kupindisha diski za breki au kukata bolti.

Hatua ya 9: Upepo na kilomita za mwanzo

Jaza upepo wa kibandiko cha mlangoni. Namba iliyochapwa ubavuni siyo ya kufuata. Ile ni ya juu kabisa inayoruhusiwa kwa tairi. Mathalani kibandiko kikisema kilopaskali 220, ni sawa na bar 2.2 au psi 32. Pima tairi likiwa baridi, kabla ya kuendesha au baada ya gari kupumzika saa 3 hivi. Hali ya hewa ikishuka nyuzi 10, upepo hupungua kama bar 0.1, kwa hiyo pima tena majira yanapobadilika, na kwa kawaida mara moja kwa mwezi.

Tairi jipya linateleza kidogo mwanzoni. Lina mabaki ya mafuta ya kulitolea kwenye kalibu, na meno yake bado marefu hucheza. Kilomita 300 za kwanza endesha kwa utulivu: breki mapema, kona polepole, hasa kukiwa na maji. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza nati tena kwa spana ile ile ya kipimo. Siku hiyo hiyo pima kina cha meno sehemu tatu za kila tairi, ndani, katikati na nje, uandike na tarehe na kilomita za gari. Ukirudia kila kilomita 5,000, bega la ndani likianza kuliwa utaliona likiwa limepoteza nusu milimita tu, na alaimenti itafanyika kabla tairi halijaharibika.